Usichague kampuni ya mawakili kwa jina la mlangoni

Wewe unayesoma sheria na bado unalala Kibera au Kawangware, hii ni yako. Pia ni ya mdogo wako anayesema atakuwa wakili wa kesi za kimataifa, halafu watu wa ploti wanamcheka. Wasimcheke. Hiyo kazi ipo, na inafanyika hapa hapa Nairobi. Swali ni utaanzia ofisi gani, na hapo ndipo vijana wengi wa mtaa hukosea njia. Wanaangalia ukubwa wa jina na urefu wa jengo, basi.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu mtaani unaijua tayari. Landlodi na mpangaji wakikosana juu ya pesa za dipositi, wanaweza kwenda kwa mzee ambaye wote wawili wanamwamini. Kila mtu anaeleza upande wake, mzee anaamua, na walishakubaliana mapema kwamba neno lake litashikwa. Usuluhishi wa kimataifa ni hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba wanaokosana ni kampuni kwa kampuni, au kampuni na serikali, na makubaliano ya kwenda kwa msuluhishi kwa kawaida yameandikwa ndani ya mkataba wao.

Kenya ina Sheria ya Usuluhishi ya 1995. Tuliingia kwenye Mkataba wa New York mwaka 1989, kwa hivyo mtu akishinda hapa anaweza kuomba uamuzi wake utekelezwe katika nchi zaidi ya 170. Sheria ya 2013 nayo ikaunda NCIA, kituo cha usuluhishi wa kimataifa cha Nairobi. Ofisi zake zimekuwa Co-operative Bank House, Haile Selassie Avenue. Pengine umepita hapo mara mia ukitafuta matatu ya kurudi nyumbani.

Sasa toa kichwani ile picha ya suti na ndege. Mwaka 2018 jopo la ICSID, taasisi ya kundi la Benki ya Dunia, lilitupa madai ya Cortec dhidi ya Kenya kuhusu madini ya Mrima Hill, Kwale. Walikuwa wanadai zaidi ya dola bilioni 2. Wakaanguka kwa sababu leseni yao ya uchimbaji haikufuata sheria, na hata ile leseni ya tathmini ya mazingira hawakuwa nayo. Mwaka 2006, World Duty Free nao walipoteza kesi yao juu ya maduka ya uwanja wa ndege, baada ya kubainika kwamba mkataba ulipatikana kwa hongo ya dola milioni 2 iliyotolewa kwa Rais Moi. Kesi zote mbili ziliamuliwa na karatasi na ushahidi. Na kwenye kesi za aina hii, anayekesha akipanga barua, tarehe na stakabadhi huwa ni yule mdogo kabisa ofisini. Hiyo ndiyo shule yako ya kwanza, kama tu ofisi itakuruhusu kugusa faili.

Ndiyo maana nasema usichague kwa jina. Anjarwalla & Khanna, Kaplan & Stratton, Oraro, Bowmans: ni majina mazito na hakuna ubaya kuomba nafasi huko. Lakini ofisi ya mawakili wanne inayokupa faili inaweza kukufaa kuliko ghorofa la vioo ambako utapiga fotokopi miezi sita. Mimi chuo niliacha, sina kampuni ya kutetea hapa. Kwa hivyo nisikilize, kisha uulize haya.

Kwanza, wanaifanya kazi hii kweli? Kwenye tovuti ya kampuni mtu anaweza kujiandikia chochote. Ingia kwenye tovuti ya Kenya Law, ni bure, utafute maamuzi ya Mahakama Kuu yanayotaja kifungu cha 35 na cha 36 cha Sheria ya Usuluhishi. Cha 35 ni cha kutaka uamuzi wa msuluhishi utupwe, cha 36 ni cha kuutambua na kuutekeleza. Angalia ni mawakili gani walisimama. Ukiona kampuni moja inajirudia, hiyo inajua kazi. Bando la usiku mmoja linatosha.

Pili, nani atakusimamia? Ukitoka Kenya School of Law pale Karen, uanagenzi wako lazima uwe chini ya wakili aliyefanya kazi angalau miaka 5. LSK, chama cha mawakili, kina orodha mtandaoni ya kuangalia kama leseni ya mtu ni ya mwaka huu. Kisha tafuta wanagenzi waliopita kwake. Waulize swali moja tu: alikufundisha nini?

Tatu, wanalipa pesa ngapi? Hapa ndipo watu huogopa, na hapa ndipo sisi wa mtaa huumia. Kuna wanagenzi wanaolipwa vizuri, kuna wanaopewa nauli, kuna wasiopewa kitu. Kutoka Kawangware hadi Westlands kila siku, chakula cha mchana, viatu, kodi ya nyumba, hesabu miezi sita. Mwenye wazazi Lavington anaweza kufanya bure akingoja mlango ufunguke. Wewe mwezi wa pili utakuwa umerudi mjengo au unabeba mizigo. Kuuliza posho si kukosa adabu. Uliza kabla ya kusaini, kwa heshima, na uandike jibu.

Nne, baadaye itakuwaje? Je, huwa wanabakisha wanagenzi wao? Watakulipia kozi za Chartered Institute of Arbitrators, ambayo ina tawi hapa Kenya? Watakuacha ukae kwenye kikao usikilize, hata kama ni kuandika tu?

Na wewe ambaye hukusoma sheria, usifunge ukurasa. Sheria yetu haisemi msuluhishi lazima awe wakili. Mainjinia na wakadiriaji majenzi huketi kwenye kesi za ujenzi, kwa sababu wanajua zege na bei zake kuliko jaji.

Sasa neno kwa kampuni zenyewe. Mnasema mnataka Nairobi iwe mji ambao Afrika nzima inaleta kesi zake. Sawa. Basi tangazeni nafasi za uanagenzi hadharani, na muandike posho kwenye tangazo. Nafasi ikipita kwa simu ya rafiki wa mzee, mnapata watoto wa nyumba zile zile kila mwaka. Na mwanagenzi asiyelipwa si mwanafunzi mnayemsaidia. Ni mtu anayewafanyia kazi bure. Mawakili wanaojua mkataba ni nini wangekuwa wa kwanza kuliona hilo.

Wewe msomaji, kabla hujatuma barua hata moja, chukua daftari. Andika kampuni kumi. Mbele ya kila moja weka majibu manne: kazi, msimamizi, posho, baadaye. Isiyo na majibu hata mawili, ifute, hata kama jina lake linang'aa pale mlangoni. Zitakazobaki, hizo ndizo za kutafutia nauli.