Mtoto Amechaguliwa, Akakulie Wapi?

Ndugu msomaji, majuma machache yaliyopita nilifika Mpwapwa kwa shughuli nyingine kabisa, nikakaribishwa chakula cha jioni katika nyumba moja isiyo mbali na soko. Baba mwenye nyumba ni fundi mwashi. Mama huuza karanga na ubuyu. Tulikula ugali wa uwele kwa mlenda, tukanawa mikono, kisha baba akatoa bahasha katika mfuko wa shati na kuiweka mbele yangu.

"Ndugu mwandishi," alisema, "wewe umetembea. Tusomee barua hii, kisha utuambie kama ni neema au ni mtego."

Barua ilitoka katika klabu moja ya kandanda ya Dar es Salaam. Ilimtaka mtoto wao wa pili, kijana wa miaka 16 aliye kidato cha tatu, ajiunge na kikosi cha vijana cha klabu hiyo. Walikuwa wamemwona akiichezea timu ya mkoa katika mashindano ya UMISSETA. Jibu lilitakiwa katika muda wa siku 14. Wakati huohuo, mtu mmoja aliyejiita wakala alikuwa amepiga simu na kusema kwamba Dar es Salaam ni kupoteza wakati. Yeye angemfikisha kijana Ulaya moja kwa moja, mradi wazazi watangulize fedha za pasipoti na viza. Naye mwalimu wa michezo shuleni alikuwa ameshauri kijana abaki palepale Mpwapwa mpaka amalize kidato cha nne.

"Mtoto ni mmoja," mama alisema taratibu, "na anatakiwa mahali patatu. Nimkate?"

Kijana mwenyewe alikaa karibu na mlango, macho chini. Nilipomwuliza anataka nini, alijibu neno moja tu: "Kucheza."

Usiku ule sikuwa na jibu. Niliomba muda nikafikiri, maana si jambo dogo kumshauri mzazi juu ya mtoto wake. Leo ninalo la kusema, na nalisema katika safu hii kwa kuwa naamini nyumba ile si peke yake. Wapo wazazi wengi, mijini na wilayani, ambao mtoto wao ameonwa, amesifiwa, ameitwa, na sasa hawajui wamwachie njia ipi.

Kisa kilichonijia kwanza ni cha Mtanzania mwenzetu, Hasheem Thabeet. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akaanza kucheza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, yaani akiwa amechelewa mno kwa mchezo huo. Lakini Mungu alimjalia kimo cha futi saba na inchi tatu. Alikwenda Marekani, akasoma shule ya sekondari mjini Houston, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Huko alicheza miaka mitatu na kusifika kwa kuzuia mipira ya wapinzani. Mwaka 2009 timu yake ilifika nusu fainali ya mashindano ya vyuo vikuu vya Marekani.

Wamarekani wana utaratibu wao wa kugawana vijana, uitwao drafti. Mara moja kila mwaka klabu za ligi kubwa ya NBA hukutana na kuchagua kwa zamu. Kijana hachagui klabu; klabu ndiyo humchagua kijana. Tarehe 25 Juni, 2009, Hasheem alichaguliwa na klabu ya Memphis Grizzlies, akiwa wa pili kati ya vijana wote wa mwaka ule. Hakuna Mtanzania aliyepata kufika hapo. Nyuma yake walibaki James Harden, aliyechaguliwa wa tatu, na Stephen Curry, aliyechaguliwa wa saba. Wapenzi wa mchezo huo wanajua majina hayo yalifika wapi baadaye.

Sasa tazama, msomaji, kilichofuata. Nafasi aliyoizoea Hasheem ni ile ya mchezaji wa kati, karibu na kikapu. Pale Memphis nafasi hiyo tayari ilikuwa na mwenyewe, Mhispania mmoja aitwaye Marc Gasol. Kwa hiyo kijana aliyechaguliwa wa pili alikaa benchi. Katika msimu wake wa kwanza alicheza wastani wa dakika 13 tu kwa kila mchezo. Mwezi Februari 2010 klabu ikampeleka kwa muda Dakota Wizards, timu ya ligi ndogo ya kukuzia wachezaji. Hadi wakati huo hapakuwa na mchezaji aliyechaguliwa juu kama yeye akapelekwa katika ligi hiyo. Magazeti ya huko yaliliandika jambo hilo kana kwamba ni aibu. Mwaka uliofuata alihamishiwa Houston, kisha Portland, kisha Oklahoma City, na baadaye akacheza Japan na Taiwan.

Sisemi kwamba Hasheem alishindwa. Kijana wa Dar es Salaam aliyeanza mchezo akiwa na miaka 15 na akaufanya kuwa kazi yake ya maisha, huyo amefaulu. Wala sisemi kwamba kupelekwa Dakota kulikuwa kosa. Huenda kama angeanzia huko, akicheza kila siku tangu mwanzo, mambo yangekwenda vingine. Ninachosema ni kwamba sifa ya kuchaguliwa haikumpa dakika za kucheza.

Mfikirie basi huyo Gasol aliyemkuta pale. Yeye alichaguliwa mwaka 2007, akiwa wa 48. Nani humkumbuka mtu wa 48? Lakini hakukimbilia Marekani. Alibaki kwao Hispania, akacheza msimu mmoja zaidi katika klabu ya Girona, na mwaka 2008 akatangazwa mchezaji bora wa ligi ya nchi yake. Ndipo alipovuka bahari. Alipofika Memphis alikuwa mchezaji aliyekwisha komaa, naye akaingia uwanjani. Mwaka 2013 alitajwa mlinzi bora wa NBA nzima, na mwaka 2019 alitwaa ubingwa akiwa na Toronto. Wa pili alikwenda mahali pasipokuwa na nafasi. Wa 48 alisubiri mahali alipocheza kila juma. Hapo ndipo penye funzo.

Huenda msomaji akasema, "Hayo ni ya Marekani, na mpira wa kikapu si kandanda." Haya, turudi nyumbani tumtazame Mbwana Samatta. Alianza Mbagala, katika klabu iliyokuja kuitwa African Lyon, akaenda Simba, na mwaka 2011 akachukuliwa na TP Mazembe ya Lubumbashi. Wengi wetu tunamkumbuka alipokwisha kufika Ulaya, lakini tunasahau kwamba alikaa Lubumbashi karibu miaka mitano. Huko alikuwa katika mji ambao Kiswahili husikika sokoni na mitaani, katika klabu iliyoshindana kila mwaka na vigogo wa Afrika, na alicheza. Mwaka 2015 Mazembe ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika, naye Samatta akawa mfungaji bora wa mashindano hayo. Januari 2016 alitangazwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wale wanaocheza barani humu, na mwezi huohuo akahamia Genk ya Ubelgiji. Genk ilikuwa bingwa wa nchi hiyo mwaka 2019. Januari 2020 alijiunga na Aston Villa, na tarehe 1 Machi akafunga bao Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, ingawa timu yake ilifungwa mabao mawili kwa moja.

Mbagala, Lubumbashi, Genk, Birmingham. Hiyo ni ngazi, na mtu hupanda ngazi kwa kukanyaga kila kidato. Laiti angepelekwa Ulaya akiwa na miaka 16 akaketi benchi katika baridi, bila ndugu wala lugha, sidhani kama leo tungelijua jina lake.

Wala nisieleweke kwamba ughaibuni ni kubaya au kwamba nyumbani ni bora daima. Mkoa huu wa Dodoma una mwanawe Juma Ikangaa, askari wa Jeshi letu, aliyekuwa miongoni mwa wakimbiaji wakubwa wa marathoni duniani. Mwaka 1988, mjini Boston, alikimbia bega kwa bega na Ibrahim Hussein wa Kenya, mtu aliyesoma katika chuo kikuu cha New Mexico huko Marekani. Hussein alishinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 43. Ikangaa alifika kwa sekunde 44. Mmoja alikuwa amepitia chuo cha ng'ambo, mwingine amepitia jeshi la nyumbani, na baada ya kilomita 42 tofauti yao ilikuwa sekunde moja! Mwaka uliofuata Ikangaa alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Kila mmoja wao alipata mahali palipomwezesha kukimbia na kujipima mwaka hadi mwaka.

Watu wa Mpwapwa hawahitaji kufunzwa jambo hili na mgeni kama mimi. Hapohapo pana kituo cha utafiti wa mifugo kilichotoa ng'ombe anayeitwa kwa jina la mji wao. Wataalamu walichanganya damu ya ng'ombe wa asili na ya ng'ombe wa kigeni, wakiwamo Sahiwal na Sindhi, ili apatikane mnyama wa maziwa na nyama atakayestahimili nchi kame. Hawakuuliza tu ng'ombe yupi ana sifa kubwa duniani. Waliuliza pia ni yupi atakayeishi kwa majani na maji yaliyopo. Mzazi naye na aulize vivyo hivyo.

Kwa hiyo niliwaandikia wazazi wale, na nasaha zangu zilikuwa hizi.

Kwanza, wakala wa Ulaya mwacheni. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, kama vile wazazi wenyewe kuhamia huko kwa sababu zisizohusiana na mpira. Anayewaahidi vinginevyo na kudai fedha mbele, ama hajui kanuni ama anajua sana. Msiuze hata mbuzi mmoja kwa ajili yake.

Pili, klabu ya Dar es Salaam msiikatae wala msiikubali kabla hamjaiuliza maswali matatu, na majibu yaje kwa maandishi. Je, mtoto atacheza michezo mingapi kwa msimu, na katika nafasi yake wapo wangapi? Je, atalala wapi, atakula nini, na ni nani atakayemwangalia akiumia goti? Je, atasoma shule gani, na nani atahakikisha kwamba anaingia darasani? Klabu yenye nia njema haitachukizwa na maswali hayo.

Tatu, mwalimu asidharauliwe kwa kuwa yuko wilayani. Ni shule ya Dodoma, Fountain Gate, iliyotwaa ubingwa wa Afrika wa kandanda kwa shule, upande wa wasichana, huko Durban mwaka 2023. Hata hivyo, naye mwalimu aulizwe swali lilelile: kijana akibaki, atacheza na nani? Kama michezo ya UMISSETA ikiisha mpira nao unawekwa stoo mpaka mwaka mwingine, basi kubaki nako ni kukaa benchi.

Juzi baba alinipigia simu. Alikuwa amewauliza wale wa klabu, nao walimjibu kwa uungwana kwamba nafasi ya kijana ina wengine wanne waliomtangulia, hivyo angesubiri zamu. Habari ya shule wangeiangalia akishafika. Baba aliwaandikia akawashukuru, akawaomba wamtazame tena mtoto baada ya mtihani wa kidato cha nne. Kwa sasa mwalimu amemwombea nafasi katika timu ya watu wazima ya mjini, na kila Jumapili anacheza dakika zote tisini dhidi ya wanaume wanaomzidi nguvu.

"Wamesema hawawezi kuahidi kwamba nafasi itamngoja," baba aliniambia, na sauti yake ilishuka. "Ndugu mwandishi, kama hawatarudi?"

Nilimjibu kwa ukweli: huenda wasirudi. Hakuna njia kati ya zile tatu isiyokuwa na hasara yake, na mzazi atakayelala bila kujiuliza usiku mmoja mmoja hayupo. Kisha nikamwomba ampe kijana simu, nikamwuliza anaendeleaje.

"Jana nilifunga moja," alisema. "Na nimechoka."

Ndugu msomaji, nimetuliza moyo wangu kwa jibu hilo. Nawe uliye na mtoto aliyeitwa, kabla hujamfungia mizigo, mwulize anayemwita: mwanangu atacheza lini?