Usiniambie "breki zilifeli"

Wasee, kila lori likimaliza watu tunapewa maneno mawili: breki zilifeli. Halafu maombi, picha za mishumaa, wiki ikiisha tumesahau. Juni 30, 2023 pale Londiani Junction lori lilitoka barabarani likapitia matatu, boda na wamama waliokuwa wanauza vitu kando ya lami. Zaidi ya watu 50 walikufa. Tumebadilisha nini?

Lori la kisasa lina kompyuta inayojua kila tairi linazunguka kwa kasi gani, usukani umekatwa kiasi gani, na kama gari linaanza kuteleza au kulala upande. Ikiona mambo ni mabaya kwenye kona, inapunguza nguvu ya injini na kushika breki ya tairi moja moja, kabla dereva hata hajashtuka. Ulaya hiyo ni sheria kwa malori mapya karibu yote tangu 2014. Marekani, vichwa vipya vya trela vilianza kulazimishwa 2017.

Na usianze ile story ya "sisi ni maskini". Mtumba wa miaka ya karibuni kutoka Uingereza unakuja nayo ndani! Tunailipia, kisha tunaiua. Sensa moja ikifa, taa ya ABS inawaka kwa dashibodi, tajiri anauliza, "Si gari linatembea?" Fundi anang'oa balbu, kazi imeisha. Nimeona hiyo na macho yangu, na watu walikuwa wanacheka. Nyuma wanafunga trela nzee isiyo na hata waya wa ABS, mzigo uende Malaba.

Najua mtasema kompyuta haiokoi dereva anayeteremka Salgaa na nyutro. Kweli, breki zikishachemka hakuna sensa ya kuzipoza. Lakini mbona anaweka nyutro? Anaokoa dizeli, juu mshahara haufiki mwisho wa mwezi. Hiyo pia ni ya tajiri, si ya shetani wa Salgaa.

Spidi gavana tuliweza kulazimisha 2004, enzi za Michuki. Hii inashinda wapi? Kwa ukaguzi, washa ufunguo tu. Taa ya ABS lazima iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameing'oa. Hiyo ni dakika moja, haihitaji mashine. Lori kama hilo lisitoke hapo yadi.