Tunapimwa Kila Siku, Kupima Hatujui

Msiniambie tena eti watoto wetu ni wazito wa hesabu. Nafundisha darasa la tano hapa Nyarugusu, na neno hilo nimelisikia mikutanoni, hata kwa wazazi wenyewe. Ni uongo.

Juzi nilimpa mwanafunzi rula apime penseli. Akaanzia kwenye 1, akasoma 11. Penseli ilikuwa sentimita 10. Darasa zima likaitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Nikachora mraba ubaoni, kisha nikauchora umeinama. "Huo si mraba tena." Wajinga? Hapana, jamani. Wako zaidi ya 80, rula ni moja, nayo imekatika upande wa sifuri. Sifuri wataijulia wapi? Kanuni wanaiimba kwa Kifaransa: urefu mara upana. Uliza ni ya mzingo au ya eneo, kimya.

Na sisi walimu tusijifiche nyuma ya "vifaa hakuna". Kamba ipo. Chukua mita 18, funga ncha, watoto wanne washike pembe. Wakisimama 4 kwa 5, eneo ni mita za mraba 20. Wakihamia 3 kwa 6, kamba ni ileile, lakini eneo limeshuka mpaka 18. Aliyeishika kamba ile hachanganyi tena mzingo na eneo.

Ndugu zetu wa mashirika, ninyi mnatupima kila siku. Turubai mita 4 kwa 5. Dumu lita 20. Viwango vyenu vinasema kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 za kuishi na lita 15 za maji kwa siku. Mbona hesabu hiyo inabaki kwenu? Watu saba mara 3.5 ni 24.5. Turubai moja, hata ukilitandaza lote, ni 20. Huo ndio mtihani ninaotaka mtoto aufanye, tena kwa nyumba yao, kwa dumu lao. Na siku mgao ukipungua, ajue umepungua kiasi gani, asiseme tu "leo ni kidogo".

Leteni rula, ndiyo, na mizani moja kwa kila shule. Lakini lile bango la rangi lenye pembetatu, kaeni nalo. Asiyejua kupima hupunjwa, na bado anasema asante.