Dakika zangu hazikuisha, zimechukuliwa

Najua nimepotea hapa kijiweni, mtanisamehe, kazi zilibana. Leo nimerudi na hasira.

Wiki iliyopita nilikuwa naongea kwa simu na mwalimu mmoja mstaafu wa huko Kilosa. Mzee anafuatilia mafao yake, na mimi nilikuwa namtafuta siku ya tatu hiyo bila kumpata hewani (simu anachajia duka la jirani, tena umeme ukiwepo). Siku hiyo akapatikana. Akaanza kusimulia taratibu kama wazee wanavyosimulia: tarehe, namba za barua, dirisha alilosimama. Akafika kwenye sentensi niliyokuwa naisubiri siku zote tatu: "Sasa mwanangu, yule bwana akaniambia, nikitaka faili lisogee..."

Kimya.

Nikadhani mtandao. Kumbe ujumbe unaingia: mpendwa mteja, kifurushi chako kimeisha muda wake.

Nilikuwa na dakika 41. Arobaini na moja! Nilijiunga jana yake saa 4:12 asubuhi kwa buku, na ilipotimu saa 4:12 wakafuta kila kitu. Salio la kawaida sikuwa nalo hata senti, hela yote niliitia kwenye bando. Nikakimbia kwa wakala, nikanunua vocha, nikapiga. Mzee hapatikani, chaji imekata. Jioni stori ikaenda kwa mhariri bila ile sentensi, na mhariri, kwa haki kabisa, akaikata aya nzima ya mzee. Mtandao wangu siutaji. Mngeutaja wenu ingekuwa hadithi ile ile.

Sasa naomba kuuliza. Hivi dakika inaisha muda wake kwa namna gani? Maziwa yanaisha muda kwa sababu yanaganda. Dawa inaisha muda kwa sababu ukiinywa inaweza kukudhuru. Dakika yangu ya saa 4:13 ingemdhuru nani?

Angalia LUKU. Tunailalamikia TANESCO usiku na mchana, na sababu tunazo, lakini ukinunua yuniti leo, ukafunga nyumba ukaenda kwenu Moshi mwezi mzima, unarudi unazikuta kwenye mita. Hakuna anayekuja usiku kuzifuta. Umeme huo huo ambao kuutunza ni kazi kubwa kuliko kutunza tarakimu kwenye kompyuta ya kampuni ya simu. Umelipia, ni zako.

Wenye kampuni wana hoja, na si ya kijinga, kwa hiyo tuiseme. Wanasema mnara una uwezo wake, na nafasi isiyotumika leo haiwekwi ghalani itumike kesho. Muda wa ukomo, wanasema, unawasaidia kupanga. Sawa. Lakini mnara unazidiwa na saa ya kutumia, siyo siku ya kununua. MB niliyoinunua Jumatatu nikaitumia Alhamisi saa 9 usiku haimsumbui mtu. Inayosumbua ni ile ya saa 2 usiku, wakati mji mzima tumejazana kwenye simu, na wengine tunaangalia video ambayo hata hatuitaki ili tu bando lisituishie mkononi. Yaani saa 24 zao ndizo zinatufanya tufuje mtandao wao!

Hoja ya pili huwa inasemwa kwa sauti ya chini: bei ni nafuu kwa sababu wengi hawamalizi. Hapo ndipo penyewe. Kama ndivyo, basi kuna mtu analipia nafuu ya mwenzake. Ni nani? Mwenye hela ya mwezi anajiunga siku 30, anazo siku 30 za kumaliza. Mwenye buku ana saa 24. Mama ntilie akipata wateja wengi leo, hana hata nafasi ya kushika simu, kesho asubuhi anaanza upya kwa buku nyingine. Mfuko ukiwa mdogo, saa inakimbia zaidi. Halafu tunaambiwa bando la siku lilibuniwa kwa ajili ya mtu wa kipato cha chini.

Na sisi tuliosoma tumefanya nini? Tunalinganisha GB. "Huku wanatoa GB ngapi? Kule je?" Muda tunausahau. Mnakumbuka Aprili 2021? TCRA ilitoa kanuni ndogo za vifurushi, tarehe 2 Aprili mitandao ikaja na bei mpya, tukaamka tukakuta bando limepungua vibaya. Kelele mitandaoni, siku hiyo hiyo bei zikasitishwa. Siku moja tu! Lakini tulipigia kelele bei. Kwenye maelekezo yale yale mlikuwa na kipengele cha kukuwezesha kuendelea na bando lililobaki ukijiunga tena kabla halijaisha muda, na cha kumhamishia mwingine. Niambie ni wangapi mnajua namna ya kukitumia. Mimi mwenyewe, mwandishi wa habari, nimejua baada ya dakika 41 kwenda.

Majirani walituacha mapema. Kenya, Oktoba 2019, Safaricom walianzisha vifurushi visivyo na kikomo cha muda. Ghana, mwezi huo huo, waziri wa mawasiliano aliagiza bando lisilotumika lisifutwe, liunganishwe na litakalofuata. Minara yao haikuanguka.

Mtaniambia: si uwe na laini tatu kama sisi? Ninazo mbili na nimechoka. Hiyo tabia tuliizoea zamani, kupiga mtandao mwingine kulipokuwa ghali kwelikweli. Mitandao ilikuwa ikilipana Sh112 kwa dakika kupokeleana simu. Machi 2013 TCRA ikaishusha hadi Sh34.92, mwaka 2018 ikawa Sh15.60, na ilipofika 2022 ilikuwa Sh2 tu. Shilingi mbili! Na bado nauziwa dakika za "mtandao huu" nyingi na za "mitandao yote" kiduchu, kama vile simu inavuka mpaka na pasipoti.

Halafu kuna kuhama. Tangu Machi 2017 unaweza kuhamia mtandao mwingine na namba yako ile ile: unakwenda kwa wakala wa huko uendako, unatuma neno HAMA kwenda 15080. Nimewauliza rafiki zangu wanane ofisini nani amewahi. Hakuna hata mmoja. Wanaogopa kuisumbua akaunti ya pesa, na kweli pochi ya pesa haikufuati, lazima uitoe kwanza. Kampuni zinaujua woga huo vizuri kuliko sisi.

Mimi nimeamua. Kwenye menyu ya mtandao ule mwingine nilichimba hadi ukurasa wa tatu, chini kabisa, chini hata ya miito ya simu, nikakuta bando lisilo na kikomo cha muda. Dogo kuliko lile la siku kwa hela ile ile, silikatai hilo. Ila likibaki linabaki.

Jumatatu natoa hela yangu yote kwenye simu, natuma HAMA. Bando langu la sasa linakufa Jumapili saa 5:47 usiku na lina MB 1,312. Mwenye filamu ndefu ya Kihindi aniambie, nitaipakua.

Mzee nimempata jana. Nimempigia kwa salio la kawaida, kwa bei ya kuumiza, na sentensi ameimalizia. Hiyo nitaiandika kule kazini.