Mastaa, Acheni Kuuzia Watu Beseni la Maji! Hamna Eapodi "Watapruufu", Kuna Namba

Kuna staa mmoja wa Dar, jina kapuni, wafuasi kibao, siku hizi kageuka muuza eapodi. Staili yake ni ile ile kila posti: anashika beseni la maji, anatumbukiza eapodi, anahesabu mpaka tano, anazitoa, anavaa, anakata mauno. Chini ya video kaandika, "Haziingii maji kabisa, oga nazo, ogelea nazo!" Halafu inafuata namba ya kulipia.

Na si yeye peke yake. Kuna mchekeshaji naye kaingia, kuna mtangazaji wa redio naye kaingia. Wote beseni.

Sasa wa Dar akipigwa, angalau atapanda daladala mpaka Kariakoo akagombane na muuzaji uso kwa uso. Wa Mpanda je? Dada wa saluni pale Kashaulili au kijana wa bodaboda wa Makanyagio analipa hela yote kwanza, analipa na nauli ya mzigo, kisha anasubiri basi lililotembea zaidi ya kilomita 1,000. Eapodi zikifa wiki ya pili, akienda inboksi anajibiwa, "Umezitumia vibaya mpenzi." Akihamia kwenye komenti anakula bloku. Kurudisha mzigo Dar ni nauli nyingine, kwa hiyo anameza mate yanaisha. Hapo ndipo mastaa wanapopata jeuri: wanajua wa mbali hawezi kuwafuata.

IKO HIVI

Hamna kiwango kinachoitwa "watapruufu". Kilichopo ni namba zinazoanza na herufi IP, na zinatoka kwenye kiwango cha kimataifa cha vifaa vya umeme kinachoitwa IEC 60529. Baada ya IP zinakuja sehemu mbili. Ya kwanza ni vumbi, inaanzia 0 mpaka 6. Ya pili ni maji, inaanzia 0 mpaka 9. Ukiona X, maana yake upande huo haukutajiwa kipimo. X siyo sifa, ni pengo.

IPX4 ni matone ya kurukiwa kutoka pande zote. Jasho la mazoezi na manyunyu vinavumilika, basi.

IPX5 ni maji yanayorushwa kwa mpira wenye mdomo wa milimita 6.3.

IPX7 ni kuzama kwenye maji mpaka kina cha mita 1 kwa dakika 30.

IPX8 ni kuzama zaidi ya hapo, kwa kina na muda anaoutaja mtengenezaji mwenyewe.

Na hapa wengi wanapigwa: namba kubwa haibebi zote za chini yake. Kifaa chenye IPX7 kimepimwa kuzama kwenye maji yaliyotulia, hakijapimwa kupigwa na maji yenye presha. Kama kimefaulu vyote viwili, mtengenezaji huandika zote mbili. Kwa hiyo eapodi inaweza kutoka salama kwenye ndoo, halafu ikafia chini ya bomba linalotoka kwa nguvu.

BESENI LINATHIBITISHA NINI?

Linathibitisha kwamba eapodi mpya, siku hiyo, kwenye maji safi, imepona sekunde tano. Mengine yote ni mbwembwe.

Vipimo vya IP vinafanywa na maji ya kawaida yasiyo na chumvi wala sabuni. Jasho lina chumvi, na chumvi inakula vile vichuma vidogo vya kuchajia taratibu. Sabuni nayo inafanya maji yawe mepesi kupenya kwenye wavu wa spika. Kwa hiyo anayeambiwa "oga nazo" anaambiwa akafanye jambo ambalo namba iliyoandikwa kwenye boksi haijawahi kulipima.

Kuna na kiboksi cha kuchajia. Mara nyingi namba ya IP ni ya eapodi tu, kiboksi hakimo. Mtu anatoka mazoezini, eapodi zimelowa jasho, anazisokomeza kwenye kiboksi, zinaanza kuchaji zikiwa na unyevu. Baada ya wiki upande mmoja haushiki chaji, anasema ni mkosi. Si mkosi, ni jasho.

Na hilo la kuogelea ni kichekesho kabisa. Mawimbi ya Bluetooth yanamezwa na maji. Ukizamisha kichwa na simu imebaki ufukweni, muziki unakata, hata eapodi ziwe IPX8. Anayekwenda nazo kuogelea Karema ataishia kusikiliza Ziwa Tanganyika lenyewe.

Apple wenyewe, ambao jina la AirPods ni lao, walipotoa AirPods Pro mwaka 2019 waliziandika IPX4. Wakasema wazi kwamba kiboksi chake hakizuii maji na kwamba uwezo wa eapodi kuzuia maji unapungua kadiri unavyozitumia. Wenye kampuni wanaongea kwa tahadhari hivyo, halafu mtu mwenye beseni anasema "kabisa"?

MPANDA INA MAADUI WAWILI

Mastaa wanaimba maji tu kwa sababu maji yanapendeza kwenye video. Lakini Katavi mvua ikikata mwezi wa tano, mpaka inarudi kwenye mwezi wa kumi na moja, kinachoingia kwenye eapodi ni vumbi. Bodaboda wa Nsemulwa analijua, mchimbaji wa dhahabu analijua zaidi. Vumbi linaziba wavu wa spika, sauti inafifia upande mmoja, na kile kifuniko cha kiboksi kinaanza kukwaruza.

Kwa mtu wa Mpanda, namba ya kwanza ina uzito sawa na ya pili. IPX4 haimwambii chochote kuhusu vumbi. IP54 inamwambia kifaa kimepimwa vumbi kwa kiwango cha 5 na matone kwa kiwango cha 4. Ni staa gani ameshawahi kutaja hilo? Hayupo, maana hata boksi lenyewe hajalisoma.

"NI PROMO TU JAMANI"

Huo ndo utetezi wao. Mmoja aliposhambuliwa kwenye komenti alijibu kwamba yeye anatangaza tu, matatizo waulizwe wenye mzigo. Sawa, lakini hela ya promo ilipoingia, iliingia kwa nani? Mfuasi hakumwamini muuzaji, hata jina lake halijui. Aliamini sura ya staa. Aliyeuza imani hawezi kusema hakuuza kitu.

Wapo na wanaosema kosa ni la mnunuzi kutosoma. Nusu ni kweli, nusu ni uonevu. Asome nini, wakati kwenye posti hamna namba na kwenye boksi mtu kachapa IPX7 bila kipimo chochote? Kuandika ni wino tu, kila mwenye mashine ya kuchapa anaweza.

Huko nje mambo haya yamefika mahakamani. Mwaka 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliipiga Apple faini ya Yuro milioni 10, kwa kutangaza kwamba iPhone zinastahimili maji bila kuweka wazi kuwa ni kwa masharti ya maabara, huku garanti ikikataa simu zilizoingia maji. Mwaka 2022 mahakama ya Australia iliamuru Samsung ya kule ilipe Dola za Australia milioni 14, kwa matangazo yaliyoonyesha simu zikitumika kwenye mabwawa ya kuogelea na baharini. Hizo ni kampuni kubwa zenye maabara zao. Mwenye beseni yeye ana maabara gani?

Na Tanzania si porini. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kupotosha watu kwenye biashara, na Tume ya Ushindani ipo kwa kazi hiyo. Staa anayelipwa kutangaza yuko kwenye biashara, hayuko kwenye utani.

KINACHOTAKIWA

Hakuna anayemkataza staa kula hela ya promo. Ila ataje namba kamili ya IP kwenye posti. Aseme kama kiboksi kimo au hakimo. Aseme nani anarudisha hela mzigo ukifa, na ndani ya siku ngapi. Akishindwa hayo matatu, aache.

Na mnunuzi naye asilipe kabla hajajibiwa hayo hayo kwa maandishi, kisha apige skrini shoti ya jibu na ya posti yenyewe. Eapodi zikilowa azifute kwa kitambaa kikavu na aziache zikauke kabla ya kuzirudisha kwenye kiboksi. Habari za kuzifukia kwenye mchele aachane nazo, unga wake unaingia kwenye wavu. Mchele wa Mpimbwe ni wa kula.

Watapruufu pekee aliyethibitishwa Katavi ni kiboko, na hata yeye hauzwi mtandaoni. Wadau mlioliwa hela kwa staili ya beseni, dondosheni komenti hapo chini: mliambiwa nini, mkalipa shilingi ngapi, na eapodi zilidumu siku ngapi?