Muuguzi anayeuliza si mjeuri

Katika foleni ya sindano hutakosa kumsikia mgonjwa akinung'unika: "Huyu sista ananiuliza jina mara ya tatu, kwani haoni kadi?" Sisi madaktari nasi hukereka muuguzi anaporudi kutuuliza tulichoandika. Kwa maoni yangu, sote tunakosea.

Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali moja ndogo ya Pwani, mama mmoja kutoka Kuruwitu alileta mtoto wa kilo 6 akiwa hoi kwa homa. Niliagiza sindano ya gentamicin. Kipimo chake kilikuwa miligramu 45; mimi, kwa uchovu, nikaandika 450. Muuguzi alisoma, akapiga hesabu, akarudi. "Daktari, kichupa kimoja kina miligramu 80. Mtoto mdogo hivi nimfungulie karibu vichupa sita?" Nilikata, nikaandika upya. Dawa hiyo ikizidi huharibu figo na masikio. Mtoto yule angeweza kuwa kiziwi kwa kalamu yangu.

Yafaa ifahamike kwamba muuguzi ndiye mlango wa mwisho kabla dawa haijaingia mwilini. Kosa la daktari yeye aweza kulizuia. Lake mwenyewe ni nadra kupata wa kulizuia. Mapema mwaka wa 2015 tulishtushwa na habari za watoto zaidi ya 20 wa Akichelesit, Busia, waliopooza miguu baada ya kudungwa sindano za malaria katika zahanati. Sindano ya takoni yaweza kujeruhi neva kubwa iendayo mguuni. Ndiyo maana inashauriwa mtoto mdogo adungwe pajani, upande wa mbele.

Kwa hivyo, kabla ya kila dozi muuguzi hukagua mambo matano: mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, kipimo ni sawa, njia ni sawa, na saa imefika. Kazi hiyo yataka utulivu. Muuguzi mmoja akiachiwa wodi nzima usiku kucha, ipo siku ataruka hatua. Serikali za kaunti ziajiri wauguzi wa kutosha, nasi madaktari tuandike hati inayosomeka.

Nawe msomaji, ukiulizwa jina lako au uzito wa mwanao, jibu bila hasira. Taja dawa nyingine unazotumia, hata za mitishamba, na ile iliyowahi kukudhuru. Asipokuuliza, muulize wewe: hii ni dawa gani, na ni ya nini? Kuuliza si ujinga.