Kerneli haijui majina, inajua namba

Wadau, leo nina la kusema kuhusu kontena. Si zile za Kilindini, ni hizi za Linux, ambazo siku hizi utazikuta hata kwenye ofisi za ghorofani huku Mji wa Kale. Watu wanadhani ukishaiweka programu ndani ya kontena umeshaifungia, basi habari ya akaunti na vikundi imekwisha, kila kitu kiendeshwe na root. Mimi nasema huo ni uvivu, tena wa hatari.

Linux haimjui Juma wala Fatma. Majina yako kwenye /etc/passwd, vikundi kwenye /etc/group, na kila kontena ina mafaili yake. Lakini kerneli ni moja kwa mashine nzima, na inachoangalia ni namba tu. Ofisi moja jirani na hapa ilikuwa na kontena mbili, ya stoo na ya mishahara, zote zikiweka nakala za akiba kwenye folda moja. Kwenye ya kwanza namba 1000 ni karani wa stoo, kwenye ya pili 1000 ni mhasibu. Karani akawa anaifungua orodha ya mishahara kama mali yake, na angetaka angeifuta. Wakailaumu programu. Programu ina kosa gani? Namba ni ile ile!

Dawa yake ni kupanga namba za mashine nzima kabla ya kuunda akaunti yoyote. Karani apewe 2001, mhasibu 2002. Kama mazingira yako ni folda ya chroot, huna haja ya kuingia ndani:

useradd -R /srv/stoo -u 2001 karani

Ukisahau hiyo -R, akaunti itaundwa kwenye mashine yenyewe.

Kwa njia, chroot ilitokea kwenye Unix ya 1979 na haikutengenezwa iwe jela. Ni kama Fort Jesus: Wareno walianza kuijenga 1593 kuzuia watu wasiingie, Waingereza wakaja kuwafungia watu humo kuanzia 1895 hadi 1958. Tofauti ni kwamba root aliye ndani ya chroot anajua njia ya kutoka.

Sasa namba 0, ambayo ndiyo root. Docker ukiiacha ilivyokuja, 0 ya ndani ya kontena ni 0 ile ile ya nje, ila imepunguziwa madaraka. Februari 2019 ilitangazwa kasoro ya runc, CVE-2019-5736, ambapo root wa ndani aliweza kuiandika upya runc ya nje na kuitawala mashine yote. Na kinga ilikuwepo tayari: kerneli 3.8 ya 2013 iliwezesha kila kontena kuwa na hesabu yake ya namba, na Docker ikaiweka mwaka 2016 kwa jina userns-remap. Mstari mmoja kwenye /etc/subuid, na mwingine kama huo kwenye /etc/subgid:

dockremap:100000:65536

Hapo root wa ndani, akitazamwa kutoka nje, ni 100000, mtu asiye na chochote. Podman ikiendeshwa na mtumiaji wa kawaida hufanya hivyo yenyewe.

Najua malalamiko: folda za zamani zitakataa kufunguka mpaka ubadilishe wenyewe kwa chown. Kweli inaudhi, lakini ni kazi ya mara moja.

Unataka kujua yako ikoje? Kwenye mashine yenyewe, nje ya kontena, andika ps -eo uid,pid,cmd uone programu zako zimeandikiwa namba gani.